Mawe kwenye kashata za tipa: lipi la kung'oa, lipi la kuacha na lipi usiliguse

"Mtaalamu, habari za kazi. Naendesha tipa ya tairi kumi, napakia kokoto Lugoba nashusha Dar, mara nyingine Kibaha. Tairi zangu ni 12.00R20 za tyubu. Kila nikitoka machimboni kashata zinakuwa zimejaa kokoto. Mimi na utingo wangu huwa tunasimama kabla ya kuingia lami tunang'oa kwa bisibisi, lakini tajiri anapiga simu analalamika kwamba tunapoteza muda na kwamba mawe yatatoka yenyewe njiani. Dereva mwenzangu naye kaniambia tukiyang'oa tunachokonoa mpira na tairi litaanza kuvuja, eti bora yabaki yameziba. Wiki iliyopita tairi moja la nyuma lilipasuka Mlandizi, fundi aliyelifungua akasema limeliwa na jiwe. Sasa nani mkweli? Ni lazima tung'oe yote? Na jiwe likikwama katikati ya tairi za dabo, zile mbili za nyuma zinazokaa bega kwa bega, tufanyeje? Tumeshawahi kulipiga nyundo likakataa kutoka."

Pole kwa tairi, ndugu yangu, na heri mlisimama salama. Tajiri wako na dereva mwenzako kila mmoja ana kipande cha ukweli. Mawe mengi kweli hutoka yenyewe, na bisibisi mkononi mwa mtu mwenye haraka kweli huharibu tairi. Tatizo ni kwamba wote wawili wanazungumzia mawe kana kwamba yote ni ya aina moja. Huhitaji kung'oa yote. Unahitaji kujua machache yanayoua tairi, uyatoe hayo kwa utaratibu, mengine uyaache yaende zake.

Tazama jiwe linavyoingia. Kila sehemu ya tairi inapofika chini na kubeba mzigo, vipande vya kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara, hubanwa na mifereji iliyo kati yake hupungua upana kidogo. Sehemu hiyo ikiachana na barabara, mifereji hufunguka tena. Kokoto iliyodumbukia humo inasukumwa ndani na uzito wa gari kila tairi linapozunguka, wakati kinachojaribu kuitoa ni mnyumbuko wa mpira peke yake. Likiwa na umbo la kabari, jiwe linakwenda upande mmoja tu, ndani, kama msumari unaopigwa nyundo. Na nyundo yenyewe haichoki: tairi la 12.00R20 lina mzingo wa karibu mita tatu na nusu, kwa hiyo kila kilomita linazunguka takriban mara 300. Kilomita 100 za lami ni mapigo kama 30,000 juu ya jiwe lilelile.

Umbo la jiwe ni jambo kubwa kwenye njia yako. Changarawe ya mtoni imesuguliwa na maji, haina kona, hivyo huteleza na kutoka. Kokoto ya mashine imepasuliwa, ina makali pande zote, na makali hayo ndiyo yanayong'ang'ania kuta za mfereji. Kisha kuna ukubwa. Kokoto ya robo tatu ya inchi, yaani karibu milimita 19, ni nene kuliko mifereji mingi ya tairi la mbele, kwa hiyo inabaki juu juu, inagonga lami mpaka unaisikia ukiwa kwenye usukani, na mwendo ukipanda inarushwa. Hiyo inamkera dereva lakini tairi hailifanyi kitu kikubwa. Ya nusu inchi ndiyo yenye shida. Milimita 12 na kitu, inaingia mferejini, inazama, inanyamaza. Baada ya safari kadhaa huioni tena mpaka uiname na tochi, kwa sababu kichwa chake kiko chini ya uso wa kashata na vumbi limeifunika.

Watengenezaji wa matairi wanalijua tatizo hili. Ukichungulia mfereji wa tairi jipya la lori, mara nyingi utaona vijituta vidogo vya mpira sakafuni. Kazi yake ni kulizuia jiwe lisifike chini na kulisukuma nje tairi linaponyumbuka. Kuta za mfereji nazo huchongwa zikiwa zimelala, juu pana na chini pembamba, kwa sababu hiyohiyo. Vijituta hivyo vikishalika, au tairi lilikuwa halina tangu mwanzo, kinga hiyo imeondoka.

Chini ya sakafu ya mfereji kuna milimita chache tu za mpira, halafu mikanda ya waya. Jiwe likishatoboa hapo, si lazima tairi livuje. Hilo ndilo linalowadanganya wengi. Upepo unabaki vilevile, geji inasoma sawasawa, lakini maji ya mvua na tope yamepata mlango. Waya za tairi hupakwa utando mwembamba wenye shaba, na utando huo ndio unaoufanya mpira ushikamane na chuma. Kutu ikianza, ule ushikamano unakufa, na maji hutambaa kwenye nafasi ndogo zilizo ndani ya uzi wa waya, hivyo kutu inafika mbali kuliko tundu lilipo. Mkanda unaachana na mpira, joto linaongezeka hapo, panatokea uvimbe, na siku moja kashata inabanduka kipande kizima. Hata hivyo, yale maganda ya matairi unayoyaona kando ya barabara ya Morogoro usiyasingizie mawe yote. Mengi huletwa na upepo mdogo, mzigo uliozidi na joto.

Ndiyo maana hata hukumu ya fundi wako ningependa uihakikishe kwa macho kabla ya kuikubali. Kama mabaki ya tairi bado yapo, yatazame. Tairi lililoliwa na jiwe huwa na tundu chini ya mfereji, na ukichana mpira unaolizunguka utakuta kutu ya kahawia imesambaa kutoka kwenye tundu hilo kwenda pembeni. Tairi lililokufa kwa upepo mdogo linaonekana tofauti: ubavu umeungua, ndani mna vumbi jeusi la mpira uliosagika, na waya za ubavuni zimekatika kwa mstari mrefu. Ukikuta hayo ya pili, mnaweza kung'oa mawe mpaka usiku na tairi jingine likapasuka tu, kwa sababu ugonjwa uko kwenye upepo. Na kwa hali yoyote, lile tairi lililokuwa pacha wake lilibeba mzigo wa mawili mpaka mliposimama. Livueni likaguliwe ndani kabla ya kulipakilia tena, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Sasa kuhusu kung'oa. Anza na matairi mawili ya mbele, na hapo usimwonee tajiri aibu. La nyuma likipasuka lina mwenzake wa kulishikilia gari kwa muda. La mbele likipasuka, usukani unavutwa upande mmoja, na kwa tairi la tyubu upepo hutoka kwa mkupuo kwa kuwa tyubu ikichanika hakuna kinachouzuia. Ukishamaliza ya mbele, nenda nyuma ukitafuta mawe ya sifa tatu: yaliyozama chini ya uso wa kashata, yenye kona kali, na yaliyokaa katikati ya mfereji mwembamba. Kokoto iliyokaa juu juu kwenye kashata pana za difu, yaani matairi ya nyuma yanayosukuma gari, iguse kwa mguu. Ikianguka, vema, isipoanguka lakini inacheza, lami itaimaliza.

Mnaposimama, simameni kwenye vumbi palipo tambarare, mbali na lami. Zima gari, vuta breki ya mkono, weka vigogo kwenye matairi, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeinama, si kwenye gari. Nasisitiza hilo la ufunguo kwa sababu simu ya tajiri ikipigwa, mtu hurukia usukani bila kukumbuka mwenzake yuko chini.

Bisibisi iwe bapa, na ncha yake isuguliwe kwa tupa mpaka kona zake ziwe butu. Ndoano ya nondo nyembamba iliyopindwa ncha ni nzuri zaidi. Kisu na panga viache nyumbani. Ingiza ncha pembeni mwa jiwe ukifuata urefu wa mfereji, si kuukata, kisha liinue jiwe kwa kuegemea kashata. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuikita ncha kwenye sakafu ya mfereji halafu akaitumia sakafu hiyo kama egemeo. Hapo dereva mwenzako yuko sahihi kabisa: mnachokonoa mpira, na pengine mnaikaribia waya kuliko jiwe lenyewe lilivyoikaribia. Uso uwe pembeni, na miwani ya kazi si anasa, maana jiwe lililobanwa likiachia linaruka. Likikataa kwa nguvu ya kawaida, mwageni maji yenye sabuni, mjaribu tena kutoka upande wa pili.

Halafu kuna ile nusu ya tairi msiyoiona. Sehemu iliyokanyaga chini na ile iliyofichwa na madigadi hazikaguliki gari likiwa limesimama mahali pamoja. Pigeni alama ya chaki kwenye tairi, sogezeni gari nusu mzunguko, yaani chini kidogo ya mita mbili, kisha mmalizie. Wengi hulisahau hili, wanakagua sehemu ileile kila siku.

Jiwe likishatoka, kazi haijaisha. Futa tundu, mulika tochi. Ukiona weusi wa mpira tu, endelea na safari. Tundu likiwa refu, chukua njiti ya kiberiti, iingize taratibu bila kusukuma, uone imezama kiasi gani chini ya sakafu ya mfereji. Ikizama milimita moja au mbili na chini pakawa laini, weka alama ya chaki, uliangalie tena kesho. Ikigusa kitu kigumu, au ukaona mng'ao wa chuma au rangi ya kutu, tairi hilo linahitaji fundi, na lisikae mbele hata siku moja.

Ile habari ya "bora yabaki yameziba" ina mantiki kwa msumari, si kwa jiwe. Msumari, boliti au kipande cha waya wa kufungia nondo ukikiona kimeingia wima kwenye tairi, usikivute barabarani. Inawezekana kweli kimeshafika ndani na ndicho kinachopunguza kasi ya kuvuja. Nenda nacho polepole kwa fundi wa karibu. Jiwe la mferejini kwa kawaida halijafika kwenye upepo. Ukiwa na wasiwasi, mwagia maji ya sabuni kabla ya kung'oa. Mapovu yakitokea, liache lilivyo, litolewe kwa fundi. Yasipotokea, litoe. Na kama ukilitoa upepo ukaanza kulia, hilo tundu hukulitoboa wewe. Lilikuwapo, na kulikuta ukiwa umesimama Lugoba ni afadhali mara nyingi kuliko kulikuta ukiwa na mzigo kwenye mwendo wa 80.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuliuliza, lakini kwa tipa za kokoto naliona sana: kuchonga. Tairi likiisha, wapo mafundi wanaochukua kisu cha umeme wakachonga mifereji upya ili lionekane lina kashata. Matairi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo yapo, yana mpira wa ziada chini, na yameandikwa ubavuni neno "REGROOVABLE". Lisilo na maandishi hayo likichongwa, sakafu ya mfereji inasogezwa mpaka karibu na waya. Jiwe halihitaji tena safari nyingi. Kokoto moja ya nusu inchi inatosha. Kama tajiri amewahi kununua matairi ya mkono wa pili yenye mifereji inayoonekana mipya kupita kiasi, chunguza hapo kwanza.

Jiwe la katikati ya dabo ni kesi nyingine, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote uliyoyataja. La kashata linakula tairi polepole. Hili linasaga mbavu mbili kwa wakati mmoja, na ubavu ni mwembamba kuliko kashata. Tairi lenye mzigo hutanuka ubavuni pale linapokanyaga, kwa hiyo kila mzunguko jiwe linabanwa hapo chini, linaachiwa, linabanwa tena, huku likizalisha joto. Likichomoka mwendoni linabaki hewani mbele ya gari linalokufuata, na dereva wa nyuma ndiye anayelikimbilia kwa kasi yake yote, likampiga kwenye kioo cha mbele. Huyo anaweza kuwa basi lenye abiria.

Nyundo muiache. Mnapiga mpira uliojaa upepo, nyundo inarudi usoni, na jiwe likitoka halisemi linaelekea wapi. Ule mtindo wa kulifunga jiwe mnyororo halafu dereva akasogeza gari nao siupendekezi, hata kama umeuona ukifanikiwa. Fanyeni hivi: sogezeni gari taratibu mpaka jiwe liwe upande wa nyuma ya tairi au juu, mbali na ardhi, kwa sababu hapo mbavu hazijatanuka na jiwe linashikwa kidogo zaidi. Wekeni vigogo, kisha jaribuni kulisukuma kwa mti imara, mkiwa mmesimama pembeni, si usawa wa uwazi wa dabo. Mengi hutoka hapo. Lisipotoka, mmefika mwisho wa kazi yenu.

Nasema hivyo kwa sababu hatua inayofuata ni kupunguza mzigo, kupiga jeki na kutoa upepo, na rimu zako za inchi 20 kwa kawaida ni zile za vipande, zenye pete ya kufungia. Pete hiyo inashikiliwa na upepo wa tairi. Ikiwa haijakaa vizuri na upepo upo, inafyatuka kwa nguvu ya kuua mtu. Kwa hiyo usilegeze nati hata moja ya dabo iliyobana jiwe kabla upepo haujatolewa wote, matairi yote mawili, kwa kuchomoa pini ya valvu na kusubiri mpaka kimya. Na tairi likishatolewa upepo namna hiyo lisijazwe likiwa kwenye gari huku mtu ameinama mbele yake. Lifunguliwe, mbavu zikaguliwe nje na ndani, lijazwe ndani ya keji, yaani kizimba cha chuma cha kuzuia kinachofyatuka.

Mwambie tajiri hivi, na kwa lugha ya fedha kwa kuwa hiyo haihitaji tafsiri: tairi ambalo waya zake ni salama linaweza kuvishwa kashata mpya likarudi kazini kwa gharama ndogo kuliko tairi jipya. Lililojaa matundu ya mawe yenye kutu hukataliwa kwenye karakana ya ritredi likabaki la kuuza kwa watengeneza ndala. Mpe na ahadi inayopimika. Mkifuata mpangilio wa mbele kwanza na mawe yaliyozama tu, robo saa inatosha kwa watu wawili wanaojua wanachotafuta. Kisha mkishashusha, gari likiwa tupu, zungukeni tena kwa haraka, safari hii mkitafuta misumari na waya wa nondo, maana saiti za ujenzi hazikosi.

Mnaweza pia kupunguza mawe yanayoingia. Ekseli mbili za nyuma zikikatishwa kona kali, matairi yake yanasuguliwa kwa upande, mifereji inafunguka na kokoto zinajikita. Pale kwenye sakafu ya kupakilia, chukua kona pana hata kama lazima uende mbele na kurudi. Usigeuzie juu ya rundo lililomwagika. Na upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Usiupunguze mchana kwa sababu geji imepanda. Hiyo ni kazi ya joto, na jioni tairi likipoa utajikuta uko chini ya kiwango.

Fundi wa ana kwa ana anahitajika ukiona waya, ukiona uvimbe mahali popote, mapovu ya sabuni yakitokea, jiwe la dabo likigoma, au ubavu ukiwa umekwaruzwa mpaka nyuzi zinaonekana. Tairi lililopoteza upepo mwingi likaendelea kutembea lipelekwe pia. Kipimo tunachotumia ni asilimia 80: kama linatakiwa kuwa na PSI 110 na umelikuta chini ya 88, usilipige upepo ukaondoka, kwa kuwa waya za ubavuni huenda zimekwisha na zinaweza kukatika zote kwa pamoja wakati wa kujaza. Na ukifika kwake usikubali tyubu izibwe kiraka halafu tundu la tairi liachwe wazi. Mchanga utaingia hapo na kuisaga tyubu upya, kwa hiyo tairi lenyewe lizibwe kwa ndani. Fundi asiyekuwa na keji, anayejaza upepo akiwa ameukalia ubavu wa tairi, mwage hata kama yuko jirani na ni nafuu.